Ufunguo Juu ya Paa

Mwalimu wangu wa udereva alikuwa na mguu wa kulia unaojiamulia mambo yake. Nilimfahamu nikiwa na miaka hamsini na sita, mwaka mmoja kabla ya kustaafu ukunga, kwa hiyo sikuwa mtu wa kutishika ovyo. Lakini siku ya kwanza nilipokamata usukani wa gari lake dogo jeupe, nikasogea hatua kumi hivi, gari likasimama ghafla hadi miwani yangu ikaangukia mapajani. Nilidhani nimegonga ng'ombe. Hapakuwa na ng'ombe wala kuku. Mwalimu alikuwa amekanyaga breki yake.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Hamna kitu, Sista. Nimejihami tu."

Gari la kufundishia, kwa wasiojua, lina breki mbili: moja ya mwanafunzi, na nyingine upande wa kushoto anapokaa mwalimu, ya kuokoa roho mambo yakiharibika. Walimu wengine huigusa mara moja kwa wiki. Huyu wangu aliikanyaga kama fundi nguo anavyokanyaga cherehani. Wanafunzi walimwita Breki, naye alijua na kujifanya hajui. Mguu wenyewe haukupumzika hata nje ya gari. Nilimwona kwa kinyozi, mzee wa watu kafungwa shuka shingoni, pikipiki ikapita mlangoni kwa kasi, mguu ukakandamiza sakafu. Na fundi viatu wa pale mtaani aliniambia kwamba katika maisha yake yote ana mteja mmoja tu anayeleta kiatu cha kulia peke yake kitiwe soli.

Mimi nami ulimi wangu hauna breki hata moja, kwa hiyo tulipatana. Alinifundisha asubuhi za Jumanne na Alhamisi. Alikuwa mrefu, mkavu, na shati lake lilipigwa pasi hadi kwenye kola. Mfuko wa shati ulikuwa na kalamu mbili na nafasi ya ufunguo. Kila somo lilipokwisha alinyoosha mkono bila kutazama, akachomoa ufunguo, akautumbukiza mfukoni humo. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka ishirini na saba. Nadhani hata ndotoni alikuwa akichukua funguo za watu.

Alikuwa pia na kanuni moja ambayo sikuisikia kwa mwalimu mwingine yeyote, na niliulizia. "Ukipata ajali na akili zako unazo," alisema, "zima gari, shuka, weka ufunguo juu ya paa upande wa dereva, uwekee jiwe usiteleze." Zamani, alipokuwa kijana, aliona gari limetumbukia mtaroni na petroli inavuja. Watu wakaja kusaidia. Mmoja wao, mwenye roho nzuri kabisa, akaingia ndani akawasha injini ili wenzake wasukume. Hadithi hiyo hakuwahi kunimalizia. Alisema tu, "Ufunguo ukiwa juu ya paa, kila anayekuja anajua: hapa kuna aliyeumia, na gari hili haliwashwi mpaka huyo aonekane kwanza." Alinikaririsha hadi nikajikuta nawaambia wajawazito kliniki.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la rangi na misumari. Ukutani pana chati ya alama za barabarani iliyopauka kwa jua. Katikati pana meza kubwa, na juu ya meza mji mzima aliouchora kwa mkono wake: barabara, njia panda, mzunguko, kivuko cha reli, hata shule na vivuli vya watoto. Hapo ndipo tulipofundishwa sheria, kwa kusukuma vigari vya plastiki kwa vidole kama watoto wa chekechea. Vilikuwa kumi na viwili, na kumi na kimoja ulikuwa huru kuvigusa. Cha kumi na mbili, chekundu, kilikaa peke yake pembeni kabisa, pale barabara kuu ilipofika kwenye ukingo wa meza na mji ukaishia. Siku moja nilikichukua ili nipite nacho mzunguko.

"Hicho kiache, Sista."

"Kimeharibika?"

"Kina mwenyewe."

Nikakirudisha. Mkunga anajua mlango gani haufunguki kwa kusukumwa. Nilingoja, na habari zikaja zenyewe, kipande leo, kipande Alhamisi ijayo, kila mara gari likiwa limesimama.

Mwenyewe alikuwa binti yake, mtoto pekee. Mama mtu alifariki mtoto akiwa na miaka saba, na baba ndiye aliyebaki kumpikia, kumfulia na kumsuka. Kusuka alijifunza kwa jirani, na kwa maelezo yake mwenyewe misuko ya mwanzo ilifaa kufungia mbuzi. Mtoto alikulia kwenye kiti cha nyuma cha magari ya kufundishia. Alifanya kazi za shule humo, alilala humo, na alipofika miaka kumi akawa anawarekebisha wanafunzi kutoka nyuma: "Mjomba, weka gia ya tatu, linalia hilo." Baba alisimulia hayo huku akicheka peke yake, na kicheko kikachelewa kuisha.

Alipofika miaka ishirini na mmoja baba alimfundisha mwenyewe. Hapo ndipo mguu ulipogeuka adui. Wanafunzi wengine aliwakanyagia breki mara kumi kwa saa. Binti yake alimkanyagia kila kona, kila mbwa, kila kivuli. "Samaki mkunje angali mbichi," alijitetea siku aliyonisimulia, halafu akaangalia nje. "Nilimkunja, Sista. Nilimkunja hadi akakatika."

Binti alipata leseni, na siku ya pili akampakia baba yake kwenye gari hilihili jeupe la kufundishia kumpeleka sokoni. Kwenye njia panda kulikuwa na lori, mbali, mbali kabisa, baba mwenyewe alikiri. Mguu ukaruka. Gari likasimama kwa kishindo, mdomo wa binti ukapiga usukani, na jino la mbele likavunjika nusu. Binti hakupiga kelele. Alizima gari. Akashuka. Akaweka ufunguo juu ya paa, akaokota kokoto akauwekea juu, akainama dirishani na damu mdomoni.

"Baba," alimwambia, "mimi sijawahi kuendesha gari hata siku moja."

Akaenda zake kwa miguu. Jioni hiyo alichukua nguo zake kupitia kwa shangazi yake, na kesho yake akahama mji. Miaka minne ilikuwa imepita. Shangazi alimpa ndugu yake namba ya simu ya binti, akamwambia anaishi mji ulio mwendo wa saa mbili, na zaidi ya hapo kakatazwa kusema. Mwalimu aliiandika namba nyuma ya ile chati ya alama za barabarani. Hakuipiga.

"Kwa nini?" nilimuuliza. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Piga simu, baba wewe!"

"Nitapiga siku nikijua la kusema. Mimi najua kufundisha tu, Sista. Nikifungua mdomo nitamwambia apunguze mwendo."

Nikamwambia mimi nimezalisha miaka thelathini na mbili na sijawahi kumzalia mtu. Akasema ukunga hauna magari ya mizigo yanayokuja mbele. Hapo tukaachia. Lakini nilikuwa nimeshaona anavyofanya kila asubuhi akifungua ofisi: anafuta vumbi mezani, anafuta vigari vyote, na kile chekundu anakifuta mwisho na kukirudisha palepale ukingoni, pua ikiangalia nje ya mji. Siku mbili tatu nilimkuta amekigeuza kiangalie ndani, kisha akajionea aibu akakirudisha. Alikuwa na hamu ya kumwona mwanawe kiasi ambacho sijakisahau hata sasa.

Somo la kumi na mbili lilikuwa la barabara kuu. Saa tatu asubuhi, jua zuri, nami naendesha vizuri tu kama kuna mtu angeniachia niendeshe. Tulipanda kilima kidogo, na tulipofika juu tukaona magari yamesimama pande zote mbili, milango wazi, na watu wazima wamechuchumaa katikati ya lami. Tukakanyaga breki wote wawili kwa pamoja. Ndiyo mara ya kwanza mwalimu na mimi kukubaliana.

Lami ilikuwa ya njano. Nilidhani ni maua yamemwagika, kisha ile njano ikatembea. Vilikuwa vifaranga vya siku moja, mamia, vinalia vyote pamoja, na watu wanavikusanya kwa mikono, kwa kofia, kwa mikoba. Dereva wa lori la saruji, jitu la miraba minne, alikuwa amepiga magoti na kifaranga kimoja kila kiganja, anaomba, "Msikanyage jamani, taratibu, msikanyage." Mtaroni, upande wa kushoto, gari dogo la mizigo lilikuwa limezika pua kwenye udongo. Tairi la mbele lilikuwa limepasuka vipande. Kioo cha mbele kilikuwa cheupe chote kwa nyufa, na kwenye mlango wa dereva palikuwa na alama nne za vidole vya damu.

Mimi damu nimeiona ya kujaza mapipa. Lakini damu ya wodini inanijulisha mwenyewe yuko wapi. Ile ya mlangoni haikuwa na mwenyewe, kiti kilikuwa kitupu, na vile vidole vilikuwa vyembamba.

Niligeuka nimtafute mwalimu. Alikuwa amesimama upande wa pili wa gari lile, ameinua kidevu kidogo, anaangalia paa. Nikamfuata. Juu ya paa, upande wa dereva, palikuwa na ufunguo, na juu ya ufunguo palikuwa na jiwe.

"Mwalimu."

"Nimeuona."

"Umefundisha watu wangapi wewe?"

"Elfu mbili na zaidi."

"Basi anaweza kuwa yeyote."

"Yeyote," akakubali, na midomo ilikuwa imekauka. Aliliondoa lile jiwe, akaushika ufunguo, akautazama kwa muda mrefu kama barua. Mimi nilikwenda kwa trafiki aliyekuwa akiandika kwenye daftari lake.

"Afande, dereva yuko wapi?"

"Kapelekwa hospitali ya wilaya na msamaria mmoja. Mwanamke. Kichwa kimepasuka, lakini katembea mwenyewe. Alikuwa anavililia hivi vifaranga badala ya kujililia yeye."

"Mtu mzima?"

"Kijana. Miaka ishirini na tano, sita hivi."

Sikuhitaji kugeuka kujua kwamba mwalimu alikuwa nyuma yangu na amesikia. Binti yake alikuwa na miaka ishirini na mitano.

Watu walikuwa wamevirudisha vifaranga kwenye maboksi yao manne yenye matundu, wakayapanga kando ya barabara, na upepo ulikuwa unavuma. Nikabeba mawili, dereva wa saruji akabeba mawili, tukayaweka kwenye kiti chetu cha nyuma.

"Mama, hivyo ni vielelezo," trafiki akasema.

"Vielelezo vyako vitakufa kwa baridi hujamaliza mstari huo. Mimi ni mkunga wa hospitali hiyohiyo. Vichanga ni vichanga. Ukivitaka nifuate wodi ya wazazi."

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo: aliniangalia, akaamua kuendelea kuandika.

Mwalimu aliingia upande wake wa kushoto. Nilimuuliza kama anataka kuendesha yeye. Akatikisa kichwa. "Endesha, Sista. Hospitali." Nikaendesha. Nyuma vifaranga vililia njia nzima. Tulipita malori, tukapita kivuko cha reli, tukaingia mjini, na nilipotoka kwenye mzunguko mkubwa, ule nilioufeli mara tatu, ndipo nilipogundua kwamba gari halijasimama ghafla hata mara moja. Nikachungulia. Miguu yake ilikuwa imelala sakafuni.

"Natamani awe yeye," akasema.

Nikabadilisha gia.

"Mungu anisamehe. Mtu kapasuka kichwa, ni mtoto wa watu, na mimi nakaa hapa natamani awe wangu. Mzima, Sista, kaumia kidogo tu, wamemshona na imeisha. Lakini awe yeye. Nimwone. Hata akinifukuza, nitakuwa nimemwona." Akapangusa uso kwa kiganja. "Halafu nikifikiria ile damu, naomba asiwe yeye. Halafu naanza tena."

"Kawia ufike," nikasema, maana ndilo neno lake mwenyewe la kila somo, na nikapunguza mwendo ingawa roho yangu ilitaka kupaa.

Niliegesha mbele ya jengo la wagonjwa wa nje. Kwa mazoea ya miaka yote ile alinyoosha mkono, akachomoa ufunguo wa gari, akautumbukiza mfukoni. Ukalia, chwang. Akatia vidole mfukoni, akatoa funguo mbili. Wa pili ulikuwa na kibao cha plastiki cha kampuni ya vifaranga.

"Sista," akasema kwa hofu kabisa, "nimeiba ufunguo wa watu."

Kumbe pale barabarani, wakati mimi nabishana na trafiki, mkono ulikuwa umefanya kazi yake bila kumwuliza mwenyewe. Ningecheka siku nyingine. Nikamwambia vizuri, sasa tuna sababu ya kuingia.

Chumba cha kushonea vidonda nakijua hata nikifumba macho: kitanda cha chuma, ndoo tatu, pazia la kijani lililofupika kwa kufuliwa. Pazia lilikuwa wazi nusu. Mwanamke alikaa kitandani ametupa mgongo, ovaroli ya bluu, bandeji imezunguka kichwa, shingo nyembamba. Mwalimu alisimama mlangoni. Niliona mdomo wake ukifunguka kuita, na jina likakwama.

Mwanamke akageuka. Uso wa duara, meno yote yapo, wala hakutujua.

"Siye," mwalimu akasema kwa sauti ya chini.

Katika kazi yangu nimewapa watu habari njema na nimewapa habari mbaya. Sikuwahi kuona mtu akizipokea zote mbili kwa uso mmoja. Mabega yalimshuka, na papo hapo akaona aibu kwamba yameshuka. Akaingia, akaunyoosha ule ufunguo kwa mikono miwili.

"Pole sana, mwanangu. Nimeuchukua kwa makosa. Ulikuwa juu ya paa."

"Asante, baba. Nilijua hautapotea." Alitabasamu, akashika bandeji kwa maumivu. "Vifaranga vyangu je?"

"Boksi nne ninazo mimi," nikasema. "Vinalia vizuri, vyote vizima."

Mwalimu hakuondoka. Alishika chuma cha kitanda. "Nani alikufundisha kuweka ufunguo juu ya paa?"

"Mwalimu wangu wa udereva."

"Mzee? Mrefu?"

"Hapana, msichana tu. Tunalingana. Nyumba yake ni ya pili kutoka kwangu. Anafundisha madereva wote wa kampuni yetu." Alifurahi kupata la kuzungumza lisilo kichwa chake. "Ana vituko huyo! Akikaa upande wa mwalimu anavua viatu, anakunja miguu juu ya kiti, anaikalia kabisa. Unamuuliza, mwalimu, nikikosea je? Anakwambia, 'Breki ni yako. Mimi sina.' Siku ya kwanza nilidhani nitakufa. Leo tairi limepasuka, nimejikuta namsikia yeye: usiruke, kanyaga taratibu, breki ni yako."

Mwalimu aliitazama miguu yake mwenyewe.

"Na hilo la ufunguo," nikauliza mimi, kwa kuwa yeye hakuweza, "alikwambia kalitoa wapi?"

"Kwa baba yake. Hilo halisemi bila kumtaja. 'Haya ni ya baba yangu, msiyasahau.'" Kisha akagusa jino lake la mbele, akacheka kidogo. "Jino hili amevunjika nusu. Tunamwambia akatengeneze, hataki."

Mwalimu alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mgonjwa, kitu ambacho ningemfokea mtu mwingine.

"Mtamwona," yule dereva akaendelea. "Kanuni yake, ukipata shida mpigie yeye kwanza, bosi baadaye. Nimempigia kwa simu ya nesi. Anakuja kuchukua vifaranga, vinatakiwa kufika kwa mteja kabla ya jioni. Yuko njiani."

Mwalimu alisimama, akamtakia mgonjwa afya njema kwa adabu zote, akatoka nje. Nilimkuta kwenye gari, ananinyooshea ufunguo.

"Twende, Sista. Nina mwanafunzi saa saba."

"Huna."

"Niseme nini? Mtoto kanijibu vizuri kuliko nilivyomfundisha. Kila siku anaikalia miguu yake kwa ajili yangu. Nikae hapa nimwambie nini? Twende, nakuomba."

Nilichukua ufunguo. Kando ya njia za hospitali yetu pamepangwa mawe yaliyopakwa chokaa. Niliokota moja dogo, nikaweka ufunguo juu ya paa la gari jeupe, upande wa dereva, nikauwekea lile jiwe.

"Unafanya nini, Sista?"

"Nafuata kanuni. Hapa kuna aliyeumia, na gari hili haliwashwi mpaka aonekane."

Angeweza kuuchukua. Paa lenyewe lilimfika kifuani. Aliutazama, akanitazama, akaenda kukaa kwenye benchi la dirisha la dawa, nami nikakaa karibu yake na maboksi miguuni. Tulikaa hivyo hadi jua likawa utosini. Alijaribu maneno. Alisema, "Nitamwambia, mwanangu, nisamehe," halafu akasema hapana, hilo ni fupi. Akajaribu refu, likamshinda katikati. Nilimwambia kwamba sisi kwenye uchungu huwa tunamwambia mtu neno moja tu, pumua. Akapumua.

Lilikuja gari la bluu lenye kibao cha mwanafunzi. Aliyeendesha alikuwa mwanamume wa makamo, anatoka jasho. Kushoto kwake alikaa msichana mwembamba, magoti yameinuka, miguu ameikalia. Gari liliegeshwa upandeupande, naye hakumrekebisha mtu wa watu. Alifungua mlango akashusha miguu mitupu chini, anatafuta viatu, na hapo ndipo alipoliona gari jeupe. Alilijua. Alikulia ndani yake. Macho yake yakapanda hadi kwenye paa, yakaona ufunguo na jiwe.

Hakuvaa viatu. Alikuja mbio juu ya changarawe, anatazama ndani ya gari, viti vya mbele, kiti cha nyuma, kisha akageuka akatuona.

"Baba!" Sauti yake ilipasuka. "Nani kaumia?"

Mwalimu alikuwa amesimama, mikono haina pa kwenda. Yale maneno yote aliyoyapanga yalikuwa yamemkimbia, namshukuru Mungu.

"Mimi," akasema. "Ni mimi, mwanangu. Mwaka wa nne huu."

Binti alimkagua kichwa, mikono, kifua, kama anayetafuta damu. Hakuiona. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa alicheka, nusu ya jino ikaonekana, na kicheko hakijaisha akawa analia. Baba alimshika kichwa akakigandamiza begani. Waliketi kwenye benchi, naye hakumwachia. Nilisikia akimuuliza amekula, na binti akisema bado, na baba akisema aah, utaendeshaje na njaa, kisha akajikata mwenyewe kwa hofu, na binti akasema, "Endelea tu, baba, nimekumiss mpaka hayo."

Hakuwa na muda mrefu. Mteja alikuwa anangoja, na safari ya kurudi ilikuwa bado. Alisema nusu saa, kisha akasema tena nusu saa. Nilianza kupakia maboksi kwenye gari la bluu mwenyewe, taratibu kuliko inavyohitajika, na nilipoinama kuchukua la mwisho niliona chini ya benchi. Binti alikuwa amekunja miguu yake kama kawaida. Mguu wa kulia wa mwalimu ulikuwa umekandamiza changarawe kwa nguvu zote, kisigino kimezama, kana kwamba anaizuia siku isisogee. Safari hii sikumcheka.